Fahamu Namna ya Kuchagua Zana za Kujengea Vifurushi vya Programu ya Takwimu ya R

Maafisa mipango, watafiti na wanafunzi wanaochakata takwimu kwa programu ya R wanapaswa kuhakikisha kuwa zana za kujengea vifurushi zilizomo katika kompyuta zao zinaoana na toleo la R wanalolitumia. Zana zisizooana huweza kuzuia kifurushi kisisakinishwe, au kusababisha programu kuzimika ghafla katikati ya uchambuzi.

R ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitolewa Februari 29, 2000. Hupatikana bila malipo, na uwezo wake huongezwa kwa vifurushi vinavyohifadhiwa katika hazina ya mtandaoni iitwayo CRAN. Baadhi ya vifurushi hivyo vina sehemu zilizoandikwa kwa lugha za C, C++ au Fortran ili kuharakisha hesabu. Sehemu hizo huhitaji kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ambayo kompyuta huweza kuyatekeleza.

Si kila mtumiaji anahitaji kompaila. Kwa wanaotumia Windows, CRAN hutoa vifurushi vilivyokwisha kujengwa kwa ajili ya matoleo ya karibuni ya R. Zana huhitajika pale mtumiaji anapotengeneza kifurushi chake, au pale kifurushi kinapopatikana kama msimbo chanzo pekee, hali inayowakuta zaidi wanaobaki na R ya zamani.

Katika Windows, zana hizo huitwa Rtools. Rtools40 hutumika kwa R 4.0 na 4.1, Rtools42 kwa R 4.2, Rtools43 kwa R 4.3; Rtools44 kwa R 4.4, na Rtools45 kwa R 4.5. Kosa la kawaida ni kudhani kuwa zana mpya zaidi ndizo bora kwa toleo lolote.

Msingi wa ulinganifu huo ni kwamba kifurushi hufanya kazi ndani ya R, hivyo hakina budi kujengwa kwa zana zinazokubaliana na zile zilizoijenga R yenyewe. Kwa mfano, R 4.2.0 iliyotolewa Aprili 2022 iliacha maktaba ya mfumo iitwayo MSVCRT na kuhamia UCRT. Maktaba zilizojengwa kwa mfumo wa awali hazipaswi kuchanganywa na za mfumo mpya.

Watumiaji wa Ubuntu na Debian husakinisha kifurushi cha r-base-dev, ambacho huleta zana zinazohitajika. Wale wa macOS huhitaji zana za Xcode za Apple pamoja na kompaila ya Fortran.

Kabla ya kupakua zana, mtumiaji anashauriwa kufungua R na kusoma namba ya toleo inayoonekana mwanzoni, kisha kuchukua zana za toleo hilo kutoka tovuti rasmi ya CRAN pekee. Aidha, ni vyema ripoti ya takwimu itaje toleo la R na la vifurushi vilivyotumika, ili mtu mwingine aweze kurudia hesabu zilezile na kuthibitisha matokeo yaliyotumika kufanya uamuzi.