AutoCAD Sio Yako Tena: Kwa Nini Kuapgredi Kunakumaliza, na Venye Msee wa Nyeri Anaweza Kuponyoka

Zunguka Nyeri mjini, shuka Karatina, pitia Kerugoya, kisha upande hadi Nanyuki na Meru. Kila mahali kuna mjengo. Mtu amepata bonasi ya majani chai ama sacco imemfungulia mkopo, na sasa anataka bungalow ocha. Kabla lori la mawe lifike saiti, lazima kuwe na plani. Hapo ndipo wewe unaingia: msee wa laptopu, umesomea ujenzi, upimaji ama uhandisi, na usiku unachora na AutoCAD.

Sasa, hiyo AutoCAD yako uliitoa wapi?

Usijibu. Wacha kwanza tuongee bei, ndio uelewe kwa nini wengi mtaani hupenda kunyamaza wakiulizwa hilo swali.

Kwa bei ya Marekani, AutoCAD kamili inazunguka dola 2,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, si milele. Tukihesabu dola kwa bob 129, hiyo ni 258,000. Weka VAT ya 16% juu yake na unagusa laki tatu. Tuseme unachaji ngiri kumi na tano kwa plani ya bungalow ya vyumba vitatu, bei ambayo mteja bado atalia nayo. Utachora plani 20 ndio ulipie programu tu. Hujalipa renti ya keja, hujalipa bando, hujamlipa arkitekti aliyesajiliwa ambaye mhuri wake lazima ukae kwa hiyo plani. Januari ikifika, unaanza upya kutoka sufuri.

Kibaya zaidi, hiyo bei inacheza na dola. 2021 dola ilikuwa kama bob 110, kwa hivyo leseni ya dola 2,000 ingekuwa laki mbili na ishirini. Januari 2024 dola ikagonga 160. Leseni ni ile ile na vitufe ni vile vile, lakini ghafla ni laki tatu na ishirini. Shilingi ikapata nguvu mwaka huo huo serikali ilipopanga deni la Eurobond, ndio maana sai tunahesabu na 129. Wewe unalipwa kwa M-Pesa na mzee wa Mukurweini ambaye hajui Eurobond ni nini. Ni kama landlodi wa Ruring'u akwambie renti ya bedsitter sasa italipwa kwa dola.

Haikuwa hivi kitambo. AutoCAD ilitoka Desemba 1982, na kwa zaidi ya miaka thelathini ulikuwa unainunua kama vile unanunua cherehani. Ilikuwa ghali, ndio, zaidi ya dola 3,000 kwa miaka ya mwisho mwisho, lakini ukishalipa ilikuwa yako. Toleo jipya likitoka, unaangalia kama lina kitu unahitaji. Likiwa na kitu, unalipa pesa ya kuapgredi, ambayo ni kidogo kuliko kununua upya. Likikosa, unakaa na la zamani miaka mitano na hakuna mtu anakusumbua. Ofisi nyingi ziliishi hivyo.

Halafu Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, ikafunga milango mmoja mmoja. Mwanzoni mwa Februari 2015 ikaacha kuuza apgredi za leseni za kudumu. Januari 31, 2016 ikawa siku ya mwisho ya kununua leseni mpya ya kudumu ya AutoCAD. Tangu hapo ni kukodi tu. Kwa hivyo ukisikia msee akisema "nataka kuapgredi AutoCAD yangu", ujue anaongea lugha ya zamani. Hakuna kitu cha kuapgredi. Unalipa, inafunguka, ukiacha kulipa, inajifunga. Na lazima iingie mtandaoni angalau kila siku 30 kuhakikisha bado unalipa, hata kama uko mahali netiwaki inapatikana tu ukipanda kilima.

Na si Autodesk pekee. SketchUp waliacha kuuza leseni ya kudumu Novemba 2020. Hata wenye pesa wamelia: Julai 2020 kampuni kubwa za wasanifu Uingereza, Zaha Hadid Architects ikiwemo, ziliandikia mkubwa wa Autodesk barua ya wazi zikilalamika kuhusu bei na kasi ya Revit. Kama hao wanaumia, wewe wa chumba kimoja Kamakwa ni nani?

Mtego wenyewe unategwa chuoni. Ukiwa Dedan Kimathi, Nyeri National Polytechnic, Kirinyaga, Murang'a ama Meru University, unathibitisha wewe ni mwanafunzi na unapewa AutoCAD bure, mwaka mmoja mmoja. Vidole vinazoea. Unajua amri zote bila kuangalia kibodi. Kisha unavaa gauni, mnachinja mbuzi, na mlango unafungwa. Umetoka na ujuzi wa programu moja ambayo huwezi kuilipia. Sidhani hiyo ni bahati mbaya. Ni biashara nzuri sana, kwao.

Na usifikirie utatumia ile ya wanafunzi kufanyia kazi za pesa kimya kimya. Masharti yake yanasema ni ya kusomea tu. Kuna miaka ilikuwa inaprinti maneno pembeni mwa mchoro kusema umetoka kwa toleo la wanafunzi, na ukibandika kipande cha mchoro kama huo ndani ya kazi safi, kazi yote ilipata huo mhuri. Watu waliaibika mbele ya wateja.

Basi wengi huishia kwa krak. Flashi inatoka kwa msee, inaenda kwa msee, na hakuna anayeuliza. Kisheria iko wazi: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta sawa na inavyolinda vitabu, na bodi ya KECOBO ipo. Lakini wacha sheria kando kidogo, tuangalie kazi yako. 2012 kampuni ya usalama ya ESET iligundua kirusi kinaitwa ACAD/Medre.A. Kilikuwa kinajificha kwa faili ndogo ndani ya folda moja na mchoro. Ukifungua mchoro kutoka folda hiyo, kinaamka, kinachukua michoro yako na kuituma kwa barua pepe zilizokuwa China. Makumi ya maelfu ya michoro ilienda hivyo, mingi ikitoka Peru. Mafundi wa Peru hawakuona kitu. Sasa fikiria krak imekuja na maagizo "zima antivairasi kwanza ndio iingie". Umefungua mlango mwenyewe, na ndani kuna plani za nyumba za watu: bedroom ya mzee iko wapi, mlango wa nyuma uko wapi.

Kabla utoe hata thao moja, jiulize kitu kimoja: ni nani anakwambia unahitaji toleo jipya? Mara nyingi ni faili. QS wa Nairobi amekutumia DWG, AutoCAD yako ya 2014 inakataa kuifungua, na unaona dunia imekuacha. Zii. DWG hubadilisha muundo kila baada ya miaka kadhaa: kulikuwa na wa 2010, wa 2013, kisha wa 2018. Ya kwako inasoma hadi wa 2013. Mwambie QS aseve kwa muundo wa 2013 akutumie tena. Akikosa muda, DWG TrueView ya Autodesk yenyewe ni ya bure na inageuza faili kurudi muundo wa zamani. ODA File Converter pia ni ya bure. Kuna watu wamefikiria kukopa laki mbili kwa shida ya dakika tano.

Cha pili, angalia unachora nini hasa. Plani ya kupeleka kaunti ni mchoro wa sakafu, sura za nyumba kila upande, mkato, na mahali nyumba inakaa kwa ploti. Hiyo yote ni mistari bapa, hakuna 3D. AutoCAD LT inafanya, na bei yake ni karibu dola 500 kwa mwaka. Na VAT hiyo ni kama 75,000, yaani plani tano badala ya 20. Kwa mtu mwenye kazi za kila mwezi, hapo ndipo ningeanzia.

Kama kazi zako ni za msimu, kuna Flex: unanunua tokeni na kulipa kwa siku unayofungua programu. Ilipoanza 2021, AutoCAD ilikula tokeni 7 kwa siku, kila tokeni dola 3. Hiyo ni kama 2,700 kwa siku. Chora mkono kwanza, pima kila kitu saiti, kisha ufungue programu siku mbili, umalize na ufunge. Shida ni kuwa huwezi kununua kidogo kidogo kama bando. Tokeni huuzwa kwa mafungu, na zina tarehe ya kuisha.

Kuna pia wenye kuuza programu zinazosoma DWG moja kwa moja, na amri zake zinafanana sana na ulizozoea: ZWCAD ya China, BricsCAD ya Ubelgiji. Hawa wamejijengea jina kwa kuuza leseni ya kudumu, ile ya cherehani. Uliza bei, na uliza vizuri kama apgredi iko ndani ama italipiwa kando.

Za bure kabisa zipo. LibreCAD ni ya mistari bapa, nyepesi hata kwa laptopu ya mtumba, ila kwa DWG inasumbua, hivyo utabadilishana faili kwa DXF. FreeCAD ilifika toleo la 1.0 Novemba 2024 baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kupikwa. Inakutaka uvumilivu. Wewe wa upimaji unajua QGIS tayari, na hiyo haijawahi kukuomba shilingi.

Na kama uko mwaka wa mwisho sai, fanya hivi kabla akaunti ya shule ife: fungua miradi yako ya kusomea moja baada ya nyingine, seve kila moja kwa DWG ya 2013, na DXF, na PDF. Kisha chukua mmoja kati ya hiyo, uchore upya wote ndani ya ZWCAD ya majaribio ama LibreCAD, ukihesabu masaa. Hayo masaa ndiyo yatakuonyesha AutoCAD ina thamani gani kwako wewe.