Umeme ukikatika Debian ikijisasisha, usikimbilie kufuta disiki

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft haitoi tena huduma ya kawaida kwa Windows 10. Ordinatere nyingi za mtumba zinazouzwa Bukavu, Lubumbashi ao Kisangani hazina nguvu ya kubeba Windows 11. Ndiyo maana kuna wanafunzi, wenye sekretariati na hata mashirika madogo wanaogeukia Debian, mfumo huru ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kumpa jirani yake bila kulipa hata franka moja.

Kuuweka si kazi ngumu. Kinachowavunja watu moyo ni siku ile umeme unakatika mfumo ukiwa katikati ya « mise à jour », ao siku mfumo unagoma kujisasisha na kujaza skrini maneno yasiyoeleweka. Wengi wanabeba mashini kwa fundi, na fundi mwenye haraka anajibu neno moja tu: « formater ». TFC ya mwanafunzi, picha za harusi, daftari la mauzo ya duka, vyote vinakwenda. Mara nyingi haikuwa lazima, kwa sababu mfumo wenyewe ulikuwa umekwisha kuandika dawa yake kwenye skrini.

Tuanze na umeme, maana ndio adui wa kwanza kwetu. Debian inajisasisha kwa hatua mbili. Kwanza, programu inayoitwa apt inavuta paketi kutoka kwenye intaneti. Kisha nyingine, dpkg, inazifungua na kuzipanga mahali pake. Umeme ao mtandao ukikatika katika hatua ya kwanza, hakuna kilichoharibika: rudia amri ileile, nayo itaendelea kutoka pale ilipoishia, na mega ulizokwisha kulipia hazipotei. Hatari iko katika hatua ya pili, wakati paketi moja imefunguliwa nusu na nyingine bado inaisubiri. Ukiwasha tena mashini, apt itakataa kufanya kazi yoyote na itakuambia kwamba dpkg ilikatizwa. Katika ujumbe huohuo imeandikwa amri ya kuandika kwenye terminali:

sudo dpkg --configure -a

Iandike kama ilivyo, uiache imalize, hata ikichukua dakika nyingi. Kisha ongeza « sudo apt --fix-broken install », inayotafuta paketi zilizokosa wenzake na kuzikamilisha. Kwa mashini iliyozimika ghafla, amri hizo mbili mara nyingi zinatosha.

Na kama mashini haifiki tena kwenye dirisha la kuingilia? Izime, uiwashe, na menyu ya GRUB ikitokea chagua mstari wa « Options avancées ». Debian haifuti kernel ya zamani papo hapo wakati mpya inapoingia, kwa hiyo kwa kawaida utaikuta pale chini. Ichague, ingia, kisha fanya amri mbili za hapo juu. Menyu hiyo inakaa sekunde chache tu, kwa hiyo usiende kutafuta chai.

Lakini ni afadhali kutofika huko. Asiye na umeme wa uhakika atenganishe zile hatua mbili kwa makusudi. Usiku, mtandao ukiwa mwepesi, andika « sudo apt update », kisha « sudo apt-get -d upgrade ». Ile herufi d inamaanisha: vuta tu, usiguse kitu. Kesho yake, betri ikiwa imejaa ao jenereta ikinguruma, andika « sudo apt-get upgrade », nayo itapanga kila kitu bila kuhitaji mtandao.

Kuna faida nyingine hapo. Paketi zilizovutwa zinakaa katika folda /var/cache/apt/archives. Ukitumia apt-get, zinabaki humo hata baada ya kazi. Ukitumia apt peke yake, zinafutwa zikisha kupangwa. Basi penye ordinatere tano zenye Debian ya toleo moja na aina moja, moja inavuta, na paketi zinahamishwa kwa kle USB hadi folda ileile ya zingine. Hizo nyingine zitavuta orodha tu kwa « apt update », na kile zinachokikuta tayari kwenye folda hazitakivuta mara ya pili. Kwa shule ao sekretariati inayonunua mega kwa simu, hiyo ni pesa inayoonekana.

Kosa lingine linalowachanganya watu halihusiani hata kidogo na Debian. Apt inakataa orodha zote ikisema kwamba bado hazijaanza kuwa halali. Tazama tarehe kwenye kona ya skrini: pengine mashini inaamini tuko mwaka 2012. Kwenye ordinatere ya mtumba, ile betri ndogo ya mviringo inayotunza saa, kwa kawaida CR2032, mara nyingi imekwisha kufa. Debian inakagua tarehe ya orodha ili mtu asikudanganye kwa orodha bandia ao ya zamani, kwa hiyo saa mbaya inafunga mlango. Rekebisha tarehe, apt itakubali palepale. Kisha nunua betri mpya, la sivyo kila umeme ukikatika utaanza upya.

Kuna pia ujumbe wa kufuli, unaosema apt imeshindwa kupata « lock ». Maana yake ni kwamba programu nyingine inapanga paketi wakati huo, mara nyingi ile inayojisasisha yenyewe mara tu unapowasha mashini. Subiri imalize. Watu wanashauriana kufuta faili la kufuli kwa nguvu, na mimi naona ni ushauri mbaya: ni sawa na kuingia barabarani wakati polisi wa trafiki bado amenyoosha mkono.

Wengine wanakwama siku ya kwanza kabisa. Wakati wa kuweka Debian, mfumo unauliza neno la siri la root. Ukiliandika, mtumiaji wa kawaida hapewi ruhusa ya sudo, na kila amri niliyotaja itakataliwa. Ukiliacha wazi, ruhusa anapewa yeye. Aliyekwisha kuliandika aingie kwa « su - », aandike « adduser » likifuatwa na jina lake na neno sudo, kisha atoke na kuingia upya. Na uangalie klavie. Mashini iliyotoka Ubelgiji haina mpangilio sawa na ya Ufaransa, na ile iliyopitia Dubai mara nyingi ni QWERTY. Neno la siri lililoandikwa kwa mpangilio usio wake litakukataa wewe mwenyewe kesho.

Aliyeweka mfumo kutoka DVD anaweza kukuta apt inamwomba aingize disiki hiyo kila mara. Afungue faili /etc/apt/sources.list na kuweka alama ya # mbele ya mstari unaoanza na « deb cdrom ». Ahakikishe pia kwamba faili hilo lina mistari ya seva za intaneti.

Wi-Fi zamani ilikuwa kilio kikubwa, kwa sababu Debian ilikataa kutia programu zisizo huru kwenye disiki yake rasmi, hata zile vipande vya mashini vinavyozihitaji ili viamke. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kubadili hilo, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, programu hizo zimo. Hata hivyo kadi chache bado zinagoma. Usilie: unganisha simu ya Android kwa kebo ya USB, washa ugawaji wa mtandao kupitia USB, na Debian itaiona simu kama mtandao wa waya. Kwa njia hiyo utavuta kinachokosekana.

Disiki ikijaa, « sudo apt clean » inafuta paketi zilizotunzwa na « sudo apt autoremove » inaondoa zisizohitajika tena, zikiwemo kernel zilizopitwa na wakati.

Kuhusu Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, kuna jambo la kujua kabla ya kuikimbilia. Haina tena disiki ya kuweka mfumo kwenye mashini za biti 32. Mwenye mashini hiyo abaki na Debian 12, ambayo itaendelea kupata masahihisho kupitia mpango wa LTS hadi tarehe 30 Juni 2028. Wengine wapande ngazi moja kwa wakati: kutoka 11 kwenda 12, kisha 13, bila kuruka.

Ikiwa umejaribu yote na mashini bado haiinuki, mara nyingi faili zako bado ziko salama kwenye disiki. Azima ordinatere ya rafiki, tengeneza kle USB ya Debian Live kwa programu kama Rufus (kuinakili ISO kama faili la kawaida hakutafanya kle iwake), kisha uiwashe mashini yako kupitia kle hiyo. Fungua folda ya home iliyo kwenye disiki ya ndani na uhamishe kila kitu kwenye disiki ya nje. Baada ya hapo fundi anaweza kufuta anachotaka.