KUNGUNI NDANI YA NYUMBA: MFAHAMU KWANZA, NA DAWA YA SHAMBA IBAKI SHAMBANI

Leo tutoke shambani kidogo tuingie chumbani, maana swali hili naulizwa karibu kila kijiji ninachopita: "Bwana shamba, ile dawa ya pamba inaua kunguni?" Mwingine hata haulizi, anasema tu ameshapuliza. Jibu langu ni moja, usipulize. Lakini ukimkataza mtu dawa bila kumwonyesha njia nyingine hujamsaidia kitu, kwa sababu anayeishi na kunguni halali usingizi. Kwa hiyo tuanze na mdudu mwenyewe.

ANAISHIJE?

Kunguni hawezi kupaa, wala haruki kama kiroboto. Anatembea tu. Mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, na akiwa na njaa ni bapa kiasi cha kupenya kwenye ufa ambao wewe unaona hauingizi kitu. Kuna aina mbili zinazosumbua watu, Cimex lectularius na Cimex hemipterus. Huyu wa pili ndiye wa nchi za joto kama zetu. Kwa macho ya kawaida ni vigumu kuwatofautisha, na namna ya kupambana nao ni ile ile.

Chakula chake ni damu tu. Kwa mbu anayeuma ni jike peke yake, ila kwa kunguni wote wanakunywa, dume, jike na wadogo wao. Anafuata joto la mwili na hewa unayotoa unapopumua. Ndani ya dakika 5 hadi 10 ameshiba, anarudi alikotoka. Yaani muda mwingi wa maisha yake hayupo mwilini mwako. Yupo kwenye mishono ya godoro, kwenye maungio ya kitanda, chini ya chaga, kwenye kamba za kitanda cha kamba, nyufa za ukuta wa udongo, nyuma ya kalenda, ndani ya begi la nguo. Ukiona vidoa vyeusi kama vya wino kwenye godoro, hicho ni kinyesi chake. Hapo anza kutafuta.

Sasa sikiliza hapa. Jike hutaga yai 1 hadi 5 kwa siku, na maishani mwake anaweza kufikisha mamia. Yai ni jeupe, karibu milimita 1, limegandishwa kama kwa gundi. Huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Kinda anapita hatua 5, na kila hatua lazima anywe damu ndipo ajivue ngozi. Joto likiwepo na mtu wa kumuuma yupo, ndani ya wiki 5 hadi 7 amekuwa mkubwa, naye anaanza kutaga. Mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo wale wanaohama chumba kwa mwezi mmoja wakidhani kunguni watakufa njaa, wanajisumbua.

Mkulima wa mahindi anayepambana na viwavijeshi vamizi ameshanielewa. Unapuliza leo unaua wanaotembea, mayai yanabaki, baada ya wiki unasema dawa ni feki. Mara nyingi shida inakuwa kwamba mtu amepuliza mara moja akaacha.

Ila kuna kesi ambayo dawa kweli haimwui. Dawa nyingi za nyumbani na vyandarua vyenye dawa vinatumia kundi moja la sumu, pareto za viwandani. Vyandarua hivyo vilipoanza, vijiji vingi vilifurahi kwamba kunguni wametoweka pamoja na mbu. Baadaye wakarudi. Utafiti wa vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kunguni wa huko wamejenga usugu dhidi ya sumu hizo. Kuongeza kipimo mara tatu kwa mdudu sugu ni kujiongezea sumu wewe.

WANAOPULIZIA DAWA YA MAZAO KITANDANI

Dawa ya mazao imepimwa kwa matumizi ya nje, kwenye upepo na jua, na mtu anasubiri siku kadhaa kabla ya kuvuna. Kitandani hakuna upepo wala jua, na wewe unalalia hapo saa nane ukiwa umeifunika kwa shuka. Mtoto mchanga ndiye anayeumia zaidi, ngozi yake laini na mwili wake mdogo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni hivyo hivyo, na dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi pia. Mtu akiwa na mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho zimekuwa ndogo sana na misuli inachezacheza, mtoe nje kwenye hewa, mvue nguo zenye dawa, mwoshe kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali pamoja na kopo la dawa ili daktari asome kibandiko.

Kibaya kuliko vyote ni vile vidonge vya kufukizia ghala. Naomba nieleweke hapa. Kidonge kile kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini. Inapenya kwenye nyufa za mlango na kwenda chumba cha pili, na haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Mwaka 2015, mji wa Fort McMurray nchini Canada, familia moja iliweka vidonge vya namna hii chumbani kwa ajili ya kunguni, na watoto wakafa. Kama unavyo, vifungiwe mbali na nyumba ya kulala.

Mafuta ya taa nayo yanaua kunguni yaliyomgusa tu, halafu unalala juu ya godoro linalosubiri kiberiti.

FANYA HIVI

Silaha kubwa ni joto, kwa sababu usugu wa dawa haumsaidii hapo na linaua hata yai. Kwenye nyuzi joto 50 na kuendelea, hatua zote hufa zikikaa humo muda wa kutosha. Nguo, mashuka, chandarua cha kawaida na mapazia, loweka kwenye maji ya moto ya zaidi ya nyuzi 60, kisha anika juani. Chandarua chenye dawa usikichemshe, fuata maelekezo yake. Kitanda kitoe nje, kifungue maungio yote, mwagia maji yanayochemka taratibu kwenye kila tundu na kila ufa. Usimwage ovyo, maji yakipita juu haraka mayai yanabaki. Kamba za kitanda zikiwa chakavu choma uweke mpya.

Jua nalo linasaidia, ila watu wanalitegemea kupita kiasi. Godoro nene ukilianika, juu linaungua na ndani kuko baridi, kunguni anahamia upande wa chini. Jua linafaa kwa vitu vyembamba ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, saa za mchana kweli, ukigeuza. Godoro lipige brashi kwenye mishono, kisha livishe kifuniko kilichoshonwa kote kisicho na tundu.

Ziba nyufa za ukuta kwa udongo au saruji. Sogeza kitanda mbali na ukuta, miguu yake iweke kwenye makopo yenye maji ya sabuni, na shuka lisiguse chini.

Halafu rudia baada ya siku 7 hadi 10, hata kama huoni mdudu, na rudia tena baada ya siku kama hizo. Hii ndiyo sehemu watu wanaruka. Ukitaka kuongezea dawa, nunua iliyosajiliwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, soma kibandiko, pulizia maficho na siyo shuka, nyumba ipate hewa kabla ya kulala.

Wenzetu wa nchi za Balkani walikuwa wanatandaza majani mabichi ya maharage sakafuni usiku, asubuhi wanayafagia na kuyachoma pamoja na kunguni. Watafiti wa Marekani walithibitisha mwaka 2013 kwamba vinyweleo vya jani vyenye ncha kama ndoano vinatoboa miguu ya kunguni na kumnasa. Inapunguza, haimalizi, na jani likinyauka nguvu inaisha. Ila mwenye maharage bustani hagharamiki kitu kujaribu.

Wengi pia huniuliza kama kunguni anaambukiza UKIMWI. Hapana. Madhara yake ni muwasho, vidonda vya kujikuna, kukosa usingizi, na kwa mtoto aliyezidiwa, kupungukiwa damu. Na siyo dalili ya uchafu. Anakuja kwenye begi la mwanafunzi wa bweni, kwenye basi, kwenye kitanda cha mtumba. Begi la anayetoka bweni lifunguliwe nje, nguo ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto.

Kwa wafugaji, kunguni anauma kuku pia. Kama kuku wanalala ndani ya nyumba yako au banda limeegemea ukuta wa chumba, utasafisha kitanda mpaka uchoke na wao watakuwa wanakuletea wengine. Toa viota vya zamani, choma nyasi zake, mwagia maji ya moto vichanja siku ile ile unayoshughulikia chumba, na banda lihamie mbali na ukuta.