Utata wa Saa na Tarehe katika Uingizaji wa Kumbukumbu za Kale kwenye Kompyuta: Mfano wa Amani, Tanga

1.0 Utangulizi

Makala hii inafafanua namna programu ya kompyuta inavyoweza kubadili tarehe ya tukio pasipo mtu kuigusa. Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, ni mfano mwafaka. Kituo cha utafiti kilianzishwa huko mwaka 1902 chini ya Wajerumani, kikaendelezwa na Waingereza, na baadaye kikawa makao ya utafiti wa malaria. Kumbukumbu za kituo cha aina hiyo zimepita katika zaidi ya utaratibu mmoja wa saa.

2.0 Ukanda mmoja, historia mbili

Programu nyingi hutegemea hifadhidata ya kanda za saa inayotunzwa chini ya IANA. Historia ya Dar es Salaam iliyoandikwa humo ni hii: hadi mwisho wa 1930, saa ya jua, iliyoitangulia Greenwich kwa saa 2, dakika 37 na sekunde 8, kuanzia 1931, saa 3 kamili, kuanzia 1948, saa 2 na dakika 45, na kuanzia 1961, saa 3 tena. Hata hivyo, katika matoleo ya sasa jina la Dar es Salaam kwa kawaida huelekezwa kwenye historia ya Nairobi, ambayo ni saa 3 tangu 1942.

Tuchukue sampuli ya tarehe 12 Machi 1950 isiyo na saa. Programu ya kwanza huichukulia kuwa saa 00:00 na, kwa kutumia historia ya Nairobi, huihifadhi kama saa 21:00 ya tarehe 11 kwa saa ya dunia (UTC). Programu ya pili, inayotumia historia kamili ya Dar es Salaam, huongeza saa 2 na dakika 45, ikapata saa 23:45 ya tarehe 11. Siku moja imepotea, na hakuna onyo lililotolewa.

3.0 Saa za Kiswahili

Kwa mapokeo ya Waswahili, siku huanza magharibi. Hivyo usiku wa Jumatatu ni ule unaofuata machweo ya Jumapili. Mbu aliyenaswa saa 2 ya usiku huo alinaswa saa 20:00 ya Jumapili. Mwingizaji akiandika 02:00 ya Jumatatu, amekosea kwa saa 6 na kuihamisha tarehe.

4.0 Saa za kiangazi

Tanzania haibadili saa, lakini Ujerumani huzibadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao cha saa 10:00 Berlin huangukia saa 6 mchana Tanga wakati wa baridi, na saa 5 asubuhi wakati wa kiangazi. Kuongeza saa 2 daima ni kosa.

5.0 Hitimisho

Tarehe isiyo na saa ihifadhiwe kama tarehe tupu. Tukio lililopita lenye saa lihifadhiwe kwa UTC, pamoja na jina la ukanda, toleo la hifadhidata na maneno ya daftari la asili. Miadi ijayo ihifadhiwe kwa saa ya mahali na jina la ukanda wake, kwa kuwa sheria za saa zinaweza kubadilishwa kabla siku yenyewe haijafika. Maneno ya daftari ndiyo yatakayomwezesha mtafiti kusahihisha. Yakifutwa, kosa halitagundulika tena.