Mabonde Mazuri Yasiyo na Watu

Watu husafiri kwa sababu nyingi. Wengine huenda kutafuta kazi. Wengine huenda kumwona mgonjwa au kuhani msiba. Lakini wapo pia wanaosafiri ili waone nchi na kujifunza maisha ya wenzao. Hao ndio watalii. Sisi tumezoea kuwaona wakipita kwenda Serengeti na Ngorongoro. Katika somo hili tutawafuata watalii wa huko Ulaya, wanaozuru Ayalandi na Uskoti. Tutaona wanayoyaona. Kisha tutauliza swali ambalo mtalii mwenye haraka husahau kuliuliza: mbona nchi hii nzuri haina watu?

Safari ya kikundi kidogo

Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi mwa Uingereza. Sehemu kubwa ya kisiwa hicho ni jamhuri, na mji wake mkuu ni Dublin. Sehemu ndogo ya kaskazini iko katika Ufalme wa Muungano pamoja na Uingereza, Wales na Uskoti. Uskoti ni nchi ya kaskazini, yenye milima, maziwa marefu na mamia ya visiwa. Mji wake mkuu ni Edinburgh.

Wageni wengi huzuru nchi hizi kwa mabasi makubwa. Wengine huona afadhali kwenda kikundi kidogo, watu kumi hivi au kumi na zaidi kidogo, katika basi dogo lenye kiongozi. Kuna sababu. Barabara nyingi za milimani na visiwani zina upana wa gari moja tu. Magari mawili yakikutana, moja husubiri mahali palipotengwa pa kupishana. Tena watu wachache wanaweza kulala katika nyumba za wenyeji, wakala mezani pamoja nao, wakauliza na kujibiwa. Watu wachache husikia zaidi.

Ukuta wa mawe na matuta ya zamani

Huko Dublin wageni huenda kwanza kuona kitabu. Kinaitwa Kitabu cha Kells, nacho kimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo cha Trinity. Ni Injili 4 zilizoandikwa kwa mkono na watawa mnamo mwaka 800 hivi. Hakikuandikwa juu ya karatasi bali juu ya ngozi za ndama. Herufi zake zimepambwa kwa rangi, ndege, wanyama na nyuzi zilizosukwa kama ukili. Watu waliojua kusoma na kuandika waliithamini kazi hiyo kiasi hicho.

Kutoka Dublin basi huelekea magharibi, kwenye Bahari ya Atlantiki. Huko kuna majabali ya Moher, ambayo mahali pa juu kabisa yana urefu wa meta 214 kutoka baharini. Ukisimama juu, ndege wa baharini wanaruka chini ya miguu yako. Ng'ambo kidogo viko visiwa vya Aran. Huko ardhi ni mwamba mtupu. Wakulima waliokota mawe wakajenga kuta nyingi za kugawa mashamba. Kisha walibeba mchanga na mwani kutoka pwani, wakautandaza juu ya mwamba mpaka wakapata udongo wa kupandia viazi.

Katika vilima vya magharibi kiongozi mwema husimamisha gari na kuonyesha kitu kingine. Jua linapokuwa chini, mteremko wa majani huonyesha mistari mirefu iliyolingana. Mgeni hudhani ni kazi ya maji. Si maji. Ni matuta ya viazi. Yalilimwa kwa majembe zaidi ya miaka 150 iliyopita, na waliolima hawapo tena.

Njaa Kuu

Zamani hizo Ayalandi yote ilitawaliwa kutoka London. Ardhi nyingi ilikuwa mali ya makabaila, na baadhi yao hawakuishi hata nchini humo. Mkulima mdogo alipanga kipande cha ardhi na kulipa kodi kwa kuuza nafaka na mifugo yake. Kwa chakula cha nyumbani alibakiwa na zao moja tu, yaani viazi mviringo. Viazi vilitosha kulisha familia hata katika shamba dogo.

Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu. Wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya wanaujua ugonjwa huo. Majani hupata madoa meusi, na viazi huoza ardhini. Siku hizo hapakuwa na dawa. Ugonjwa ulirudi mwaka baada ya mwaka. Nafaka na ng'ombe waliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza, wakati wenyewe wanakufa kwa njaa. Wasioweza kulipa kodi walifukuzwa, na nyumba zao zikabomolewa.

Watu kama milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi. Wengine zaidi ya milioni 1 walihamia ng'ambo, hasa Marekani. Katika sensa ya mwaka 1841 kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Leo kina watu kama milioni 7. Fikiri, ndugu msomaji: nchi nyingi za dunia zimeongezeka watu mara nyingi tangu wakati huo. Ayalandi haijafikia hata pale ilipokuwa. Huko Dublin, kando ya mto, zimewekwa tangu mwaka 1997 sanamu za watu waliokonda wakitembea kuelekea melini. Wageni wengi hunyamaza wakifika hapo.

Ugonjwa wa mimea uliharibu viazi. Lakini kilichowaua watu wengi hivyo ni ugonjwa huo pamoja na kutokuwa na ardhi.

Lugha na ngoma

Njaa iliua lugha pia. Sehemu za magharibi zilizopoteza watu wengi ndizo zilizokuwa na wasemaji wengi wa Kiairishi. Tena shuleni mtoto aliyesema Kiairishi aliadhibiwa. Mahali pengine alifungwa kijiti shingoni, kikatiwa alama kila mara aliposema lugha ya mama yake. Jioni alama zilihesabiwa, naye akachapwa kwa hesabu hiyo.

Leo mambo yamebadilika. Katiba ya mwaka 1937 iliifanya Kiairishi kuwa lugha ya kwanza ya taifa, nayo hufundishwa shuleni. Vibao vya barabarani vimeandikwa Kiairishi na Kiingereza. Hata hivyo wanaokitumia kila siku nyumbani ni wachache. Lugha ikishatoka vinywani mwa watoto, kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kuilinda.

Muziki haukufa. Jioni wageni huingia baa ya kijiji. Mtu mmoja hutoa fidla, mwingine filimbi, mwingine ngoma ya ngozi ya mbuzi inayopigwa kwa kijiti kifupi. Hakuna jukwaa. Wapigaji hukaa wakizunguka meza, na anayejua wimbo hujiunga. Mgeni mwenye adabu husikiliza kwanza.

Daraja la mawe

Upande wa kaskazini kabisa wa kisiwa, pwani, kuna mawe ya ajabu. Ni nguzo kama 40,000 za mawe meusi, zimesimama zimebanana, nyingi zikiwa na pembe 6 kama vyumba vya sega la asali. Wazee husimulia kwamba jitu moja liitwalo Finn lilijenga barabara ya mawe kuvuka bahari ili likapigane na jitu la Uskoti. Wataalamu wanaeleza kwamba miaka kama milioni 60 iliyopita ardhi ilipasuka na kutoa uji wa moto wa volkano. Ulipopoa ulisinyaa na kupasuka, kama tope la bwawa linavyopasuka wakati wa kiangazi.

Lakini hadithi ya wazee nayo ina ukweli wake. Ng'ambo ya bahari, katika kisiwa kidogo cha Staffa huko Uskoti, ziko nguzo kama hizo hizo. Tena mahali bahari ilipo nyembamba, nchi hizi mbili zinatengwa na maji ya kilometa 20 hivi tu. Watu wamevuka huku na huko tangu kale. Mwaka 563 mtawa Columba alitoka Ayalandi akajenga nyumba ya watawa katika kisiwa cha Iona, Uskoti. Wataalamu wengi wanaona kwamba kile Kitabu cha Kells kilianza kuandikwa huko Iona. Na Kigaeli cha Uskoti ni ndugu wa Kiairishi. Siku hizi meli kutoka Belfast huvuka kwa muda wa saa 2 na kitu.

Kondoo badala ya watu

Nyanda za juu za Uskoti zinapendeza sana. Mlima Ben Nevis, mrefu kuliko yote, una meta 1,345. Ukiulinganisha na Kilimanjaro ni kilima tu, lakini mvua, ukungu na upepo vyake vimewapoteza wengi. Wageni hula hagisi, yaani moyo, maini na mapafu ya kondoo yaliyokatwakatwa, yakachanganywa na nafaka na vitunguu, yakapikwa ndani ya tumbo la kondoo. Huwaona wanaume wamevaa kilti, vazi la sufu lenye mirabamiraba. Vazi hilo liliwahi kupigwa marufuku. Mwaka 1746 jeshi la serikali liliwashinda watu wa milimani waliokuwa wameasi katika vita vya Culloden. Sheria ikatoka kuwakataza vazi lao, ikafutwa mwaka 1782.

Lakini pigo kubwa lilikuwa la ardhi. Bei ya sufu na ya nyama ilipopanda, makabaila wa Uskoti waliona kondoo wana faida kuliko wapangaji. Wakawaondoa watu mabondeni. Katika bonde la Strathnaver, mwaka 1814 na 1819, familia zilitolewa na nyumba zao zikachomwa moto. Wengine walisukumwa pwani, wakaishi kwa kuvua samaki na kuchoma mwani, maana majivu yake yaliuzwa kutengenezea sabuni na kioo. Wengine walipelekwa Kanada. Ndiyo maana leo mgeni anapita mabonde marefu asione moshi wa jiko hata mmoja. Akishuka na kutembea, atakuta misingi ya nyumba ndani ya majani.

Kisiwa cha Ulva na mtu tunayemjua

Karibu na Staffa na Iona kuna kisiwa kiitwacho Ulva. Babu yake David Livingstone aliishi huko. Shamba halikutosha kulisha familia, basi mwaka 1792 akahamia karibu na Glasgow, kwenye kiwanda cha pamba cha Blantyre. Huko ndiko David alikozaliwa mwaka 1813. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 10, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kisha alikwenda shule ya usiku mpaka saa 4. Mchana aliweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja akipita. Mtu huyo ndiye aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, na maiti yake ilifikishwa Bagamoyo na Chuma, Susi na wenzao mwaka 1874.

Ulva ilikuwa na watu karibu 600 wakati Livingstone alipokuwa kijana. Baadaye mwenye kisiwa alianza kuwafukuza, na ugonjwa wa viazi ulipofika mwaka 1846 aliendelea. Kufika mwaka 2018 walikuwa wamebaki watu wasiofika 10.

Wenyeji wananunua ardhi yao

Wapangaji hawakunyamaza siku zote. Mwaka 1882, katika kisiwa cha Skye, wanaume na wanawake waliwapiga mawe polisi waliokuja kuwakamata wenzao. Serikali ikatuma tume kusikiliza malalamiko. Mwaka 1886 ikatoka sheria: mpangaji mdogo hatafukuzwa ovyo, atalipa kodi ya haki, na mtoto wake atarithi upangaji.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1997 watu wa kisiwa cha Eigg, ambao hawakuzidi 70, waliungana na mashirika mengine wakakinunua kisiwa chao. Michango ilitoka kwa maelfu ya watu, na sehemu kubwa ilitolewa na mtu mmoja asiyetaka kutajwa. Mwaka 2008 walianzisha umeme wao wenyewe wa maji, upepo na jua. Sasa wamepita 100. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa vijiji haki ya kununua ardhi yao. Kwa haki hiyo, na kwa msaada wa mfuko wa serikali, Ulva nayo ilinunuliwa na wananchi mwaka 2018. Familia zimeanza kuhamia tena.

Ndugu msomaji, mgeni wa kikundi kidogo akilala Eigg, fedha yake hubaki Eigg. Wenyeji ndio wanaoamua nyumba ya wageni ijengwe wapi, na watu wangapi wapokewe. Hapo utalii ni mtumishi wa kijiji. Lakini mahali ambapo ardhi ina bwana mwingine, wageni wanaweza kusifu uzuri mwaka mzima, na watoto wa kijiji wakaondoka mmoja mmoja.

Basi, ukimsikia mtu akisema, "Nchi hii ni nzuri, tena haina watu," muulize: ilikuwa haina watu tangu lini?

Maswali ya majadiliano

1. Viazi viliharibika kwa ugonjwa. Kwa nini tunasema ardhi nayo ilikuwa chanzo cha vifo vingi Ayalandi?
2. Ni hatari gani kutegemea zao moja tu la chakula?
3. Watu wa Eigg walipata faida gani kwa kumiliki ardhi yao?
4. Watoto wa kijiji chenu wanajua lugha, nyimbo na hadithi za wazee wao? Nani anawafundisha?
5. Wageni wakija kijijini kwenu, ungewaonyesha nini, na ungewaeleza historia gani ya mahali hapo?