Usemi na Kimya katika Sinema ya Mughal-e-Azam

Wanaoisifu Mughal-e-Azam, sinema iliyoongozwa na K. Asif na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Agosti 1960, aghalabu husifu gharama yake: ukumbi wa vioo uliochukua miaka miwili kujengwa, majeshi ya vita, na zile sehemu chache zilizopigwa kwa rangi ilhali sehemu kubwa iliyobaki ni nyeusi na nyeupe. Sifa hizo ni za haki, lakini zaacha lililo bora. Uzuri wa sinema hii umo katika usemi wake, na zaidi katika mahali inapoacha kusema.

Kisa chenyewe ni chepesi. Salim, mwana wa Mfalme Akbar, ampenda kijakazi wa jumbani aitwaye Nadira, ambaye mfalme mwenyewe amempa jina la Anarkali, yaani tumba la komamanga. Baba aona mapenzi hayo ni hatari kwa ufalme. Mwana aasi na kushindwa vitani. Naye kijakazi ahukumiwa kuzikwa hai ukutani. Mwisho Akbar amfungulia njia ya siri, kwa ajili ya ahadi aliyompa mama yake zamani, na Salim haambiwi kwamba mpenzi wake yu hai.

Mwanahistoria atanung'unika. Akbar alitawala toka 1556 hata 1605, na kweli mwanawe alimwasi. Lakini Anarkali hamo katika Akbarnama ya Abul Fazl, na lugha ya diwani ilikuwa Kiajemi, wala si Kiurdu hiki tukisikiacho. Mimi sinung'uniki. Waandishi wanne, Amanullah Khan, Kamal Amrohi, Wajahat Mirza na Ehsan Rizvi, walitunga mazungumzo yenye heshima na uzito hata mtu huamini kwamba hivyo ndivyo wafalme walivyosema. Hata Anarkali achezapo katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, wimbo wageuka na kuwa na ladha ya Kibraj.

Hapa Mswahili ana sehemu yake. Sinema za Kihindi zilipendwa mno Unguja na Mombasa katika miaka ya 1950 na 1960, na tuni zake ziliingia katika tarabu. Msikilizaji asiyejua Kiurdu huyapata maneno yake mwenyewe katika vinywa vya wageni: dunia, insafu, hakika, takdiri, adabu. Asili yake ni Kiarabu, ila Kiurdu kiliyapokea zaidi kwa njia ya Kiajemi. Nadira, jina la kijakazi, ni ndugu wa nadra yetu.

Lakini undugu huu una mitego. Ghulamu kwetu ni kijana. Kwa Kiurdu ni mtumwa, na mfasiri asiyeangalia atamtoa mtu utumwani bila ya kutaka. Neno mahaba ni gumu zaidi. Kwetu limeelekea faraghani, penye udi na asumini, hali Kiurdu hulitamka mbele ya baraza bila ya haya. Salim asimamapo mbele ya baba yake na kuyatetea mapenzi yake, mfasiri akimtia mahaba kinywani atamfanya mtovu wa adabu. Afadhali huba, au mapenzi tu.

Mara moja bahati humwangukia mfasiri. Anarkali amewekwa mbele ya mfalme kama sanamu, na mshale watumwa kuifunua, asitikisike. Aulizwapo sababu, ajibu kwamba alitaka kuona jinsi hekaya igeukavyo kuwa hakika. Katika Kiurdu maneno hayo mawili hayafanani kwa sauti; katika Kiswahili yafanana.

Kisha laja tukio la unyoya. Usiku, bustanini, Tansen aimba kwa mbali, na sauti ni ya Bade Ghulam Ali Khan. Salim, naye ni Dilip Kumar, aupitisha unyoya mweupe usoni pa Anarkali, naye ni Madhubala, polepole. Hawasemi neno. Mapenzi yote ya sinema yamo humo, wala hapana la kufasiri. Mwaka 2004 sinema nzima ilitiwa rangi na kuonyeshwa upya. Lakini kwa tukio hili naichagua nakala ya kwanza, ambamo weupe wa unyoya hauna mshindani ila nuru iliyo juu ya shavu.