Mganga wa Meno na Miale ya Eksirei

Wenzangu huniuliza: kama eksirei ya meno ni miale kidogo tu, mbona mpigaji hutoka chumbani? Nawajibu hivi. Mgonjwa hupigwa mara chache. Mpigaji yupo kila siku, na miale hiyo haionekani, hainuki wala haiumi. Dakta Edmund Kells wa New Orleans, Marekani, alianza kazi hiyo mwaka 1896, mkono wake ukipatwa na miale mara kwa mara. Saratani ikamwingia; akakatwa vidole, kisha mkono wote. Alifariki mwaka 1928. Basi mpigaji asishike filamu kinywani mwa mgonjwa, na asimame nyuma ya kinga au ajitenge. Fizikia yatufundisha kuwa penye mita 2 miale hubaki robo ya ile ya penye mita 1. Kujikinga si woga.